Karanga za Fundi Betri

Karanga ziliingia nyumba ile kwa mdomo wa Redio.

Redio ni dada mkubwa wa Fundi Betri. Jina hilo alipewa na wapangaji, kwa sababu hakuna habari iliyowahi kufika uani kabla yeye hajaitangaza, na akishaanza kutangaza hakuna wa kumzima. Asubuhi hiyo alitoka chumbani na mswaki mdomoni, simu kainyanyua juu kama mtu anayetafuta mtandao.

"Wifi! Acha hayo maji uje usikie!"

Mke wa Fundi hakuacha maji. Alikuwa ameinamia jiko la mkaa, anachemsha maji ya kumwogesha mume wake, ambaye siku hizo hata ndoo ya nusu ilikuwa haimnyanyukii. Redio akamfuata hapo hapo jikoni.

"Sikiliza. Lozi, korosho, karanga, jamii hiyo yote. Mtu akila kila siku, zinakinga figo zisiharibiwe na madini mazito. Na risasi kaitaja! Kwa jina lake kabisa."

"Nani kaitaja?"

"Si huyu kijana hapa kwenye simu. Ana koti jeupe."

Kinyozi, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa anafungua duka lake. Akadakia bila hata kugeuka. "Koti jeupe hata mimi ninalo. Nikilivaa nitatibu figo?"

"Wewe utatibu mba," Redio akamjibu. "Tena huo wa kichwani kwako mwenyewe umekushinda."

"Umekushinda," akarudia Kasuku kutoka chini ya kamba ya nguo. Huyo ndiye kitinda mimba wa Fundi, binti wa miaka minne, na hilo jina halihitaji maelezo.

Ua mzima ukacheka. Mke wa Fundi naye alicheka, kwa mdomo tu. Tangu mume wake apimwe damu, mwanamke yule alikuwa akifanya kila jambo kwa kiungo kinachohusika: kucheka kwa mdomo, kupika kwa mikono, kwenda sokoni kwa miguu. Mwenyewe sijui alikuwa wapi. Wapangaji walisema ana roho ngumu. Wengine walisema bado hajaelewa ugonjwa wenyewe. Alielewa vizuri sana.

Kazi ya Fundi ilikuwa betri za magari zilizokufa. Alizipasua kwa shoka, akamwaga maji yake makali, akachomoa zile bati za ndani na kuziyeyusha kwenye chungu cha chuma mpaka risasi ikawa uji unaong'aa. Kisha akaichota kwa upawa na kuimimina kwenye kalibu za mchanga, ikitoka hapo imeshakuwa vichwa vipya vya betri au mawe ya mizani. Mafundi wengine walitumia mchanga wowote, na vitu vyao vikatoka na ngozi ya chungwa. Fundi alikuwa na mchanga wake. Aliuchekecha mwenyewe, akauchekecha tena, akaufunika kwa turubai usinyeshewe, na mtu akiuchezea alifukuzwa kama kuku. Kazi zake zilitoka laini, na alipenda kukupa kichwa cha betri mkononi, akuambie, "Pitisha kidole hapo. Unaona? Shavu la mtoto."

Miaka ikapita hivyo. Halafu mdomo ukaanza kuwa na ladha ya msumari, asubuhi mpaka jioni. Tumbo likawa linajifunga kama fundo. Mkono wa kulia ukaanza kuanguka kifundoni: anaunyoosha, kiganja kinaning'inia, anakitazama kama cha mtu mwingine. Miguu ikavimba. Ndipo wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi wa maneno.

"Figo ni chujio," alisema. "Yako imejaa risasi. Bado inachuja, lakini si kama zamani. Ukiiacha kazi hii leo, tuna nafasi. Usipoiacha, tutakutana kwenye mashine ya kusafisha damu, na hiyo mashine watu wanaigombania."

"Nikijifunga kitambaa puani?" Fundi akauliza.

"Acha."

"Nikifanya asubuhi tu?"

"Acha, baba."

Akaacha. Na kuacha kwenyewe kulikuwa kama msiba. Kibanda chake, nyuma ya magereji, kilifungwa na Redio na mke wa Fundi. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda, alikuwa kalala kashika tumbo. Chungu na upawa vikachukuliwa na fundi mwenzake wa ng'ambo ya mji. Turubai likarudi nyumbani kufunika kuni. Na Redio, ambaye tangu azaliwe hajaacha kitu kizuri nyuma, alifunua ule mchanga, akauingiza vidole, akasema, "Wifi, mchanga kama huu hautupwi. Unaweza kuulalia." Wakauzoa ndoo mbili wakaja nazo. Zikakaa uani, pembeni ya karo.

Kwa hiyo Redio alipokuja na habari za njugu, mchanga ulikuwa umeshatangulia.

Lozi hazikuwa za watu wa pale, na korosho walizionja mara moja tu. Karanga ndizo zilizowezekana. Mara ya kwanza mke wa Fundi alizikaanga kavu kwenye karai, zikaungua upande mmoja na upande wa pili zikabaki mbichi. Redio akaja akachungulia, akashika kiuno.

"Ndivyo kwenu mlivyofundishwa? Karanga zinakaangwa kwa mchanga, mwanamke. Mchanga ndio unaogawa moto. Na mchanga si tunao?"

Hakuna aliyeshtuka. Kwao risasi ilikuwa ndani ya betri, ndani ya chungu, kwenye ule moshi mchungu uliokuwa ukirudi nyumbani na shati la Fundi. Mchanga ulikuwa mchanga. Tena huu ulikuwa safi kuliko wote waliowahi kuuona, umechekechwa na mwenyewe kwa mkono wake, na kama ulikuwa na uchafu wowote, utapita vipi kwenye moto ule? Mke wa Fundi akajaza karai, akasubiri mchanga upate moto, akamimina karanga, akakoroga kwa mwiko. Zikaiva sawasawa, zote, rangi moja. Akazichekecha, mchanga ukarudi kwenye karai, karanga zikabaki kwenye chekeche. Akazipepeta maganda, akampelekea mume wake kwenye bakuli.

"Hizi ndizo karanga," Fundi alisema, anatafuna. "Zile za juzi zilikuwa mkaa."

Ikawa desturi. Konzi moja asubuhi, konzi moja jioni, mgonjwa anakula kama anameza vidonge. Na kwa kuwa mtu hakaangi karanga konzi mbili, na harufu ya karanga haina mlango, jioni ua mzima ulikusanyika. Kinyozi anazima mashine na kuja na kigoda chake. Mteja aliyenyolewa nusu anakuja na taulo shingoni. Redio anagawa, anatangaza nani kaachwa na nani kahama usiku. Kasuku anajaza mfuko wa gauni. Miongoni mwao mmoja tu hakula. Mke wa Fundi alikaa ameinamia jiko, vumbi la mchanga likimpanda usoni, akakoroga. Wakimwambia aonje, alisema ameshaonja.

"Wifi huyu anaogopa kunenepa," Redio akasema.

"Mwache," Kinyozi akajibu. "Mpishi hushiba kwa harufu."

"Kwa harufu," Kasuku akasema.

Zilikuwa jioni nzuri, mtu asikudanganye. Hata Fundi alicheka. Rangi ilikuwa haijamrudia na mkono bado ulining'inia, lakini alisema tumbo linamtuliatulia, na wote waliamini, kwa sababu walitaka kuamini na kwa sababu midomo yao ilikuwa imejaa.

Siku ya kurudi hospitali, Fundi alivaa shati lililopigwa pasi. Daktari akatazama majibu, akamtazama yeye, akayarudia majibu.

"Umeacha ile kazi?"

"Niliacha siku ile ile."

"Hujaacha."

"Nimeacha, daktari. Kibanda kimefungwa. Muulize huyu."

Mke wa Fundi akasema ndiyo, kimefungwa, amekifunga kwa mkono wake.

"Risasi imepanda," daktari akasema. "Haikushuka. Haikubaki pale pale. Imepanda. Na figo zimeshuka. Mtu aliyeacha damu yake haisomi hivi."

"Lakini anakula karanga kila siku," mke wa Fundi akasema. Hata yeye alisikia sauti yake ilivyokuwa bapa, kama anasoma kibao cha barabarani. "Tuliambiwa zinakinga."

Daktari hakucheka. "Hiyo habari haikutoka hewani. Kuna watu wamejaribu kwa panya maabara. Panya wanapewa madini mazito, wengine wanaongezewa njugu kwenye chakula, na hao figo zao zinaonekana zimeumia pungufu. Lakini mumeo si panya, na kwake hakuna aliyepima. Ale chache, bila chumvi, maana figo mbovu hazitaki kitu kingi. Ila hata kama njugu ni ngao, ngao inafanya nini kama mtu anapigwa kila siku?" Akamgeukia Fundi. "Nakupa nafasi ya mwisho. Nikikuona tena na majibu haya, sitaongea tena na wewe. Nitakuandikia mashine."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Fundi alisema mara moja, "Sijaenda popote." Mke wake akasema, "Sawa." Wakapita duka la viatu, duka la simu, ukuta mrefu uliobandikwa matangazo. Mke alisoma matangazo yote. Alikuwa anangoja hasira, kama unavyongoja mgeni aliyepiga simu kuwa yuko njiani, na hasira haikuja. Hakuja mtu yeyote.

Nyumbani, kesi ilisomwa uani, hakimu akiwa Redio.

"Mdogo wangu, nitazame machoni. Unayeyusha wapi?"

"Siyeyushi."

"Unayeyusha kwa nani?"

"Dada, chungu si mlikitoa nyie wenyewe?"

"Vyungu vimeisha duniani?"

Kinyozi akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye habari. "Mimi sitaki kuingia mambo ya ndoa za watu..."

"Ingia," Redio akasema.

"Juzi nimemwona kule nyuma ya magereji. Kakaa juu ya tairi, mbele ya kile kibanda."

Wote wakamtazama Fundi. Fundi akautazama mkono wake.

"Nilikuwa nimekaa tu," alisema.

"Amekaa tu!" Redio akapiga makofi. "Mwanamume katoka hapa, kavuka mji, na miguu hiyo iliyovimba, aende akakae tu! Unatufanya sisi watoto wadogo?"

"Nimekaa nimeangalia. Nimefanya kazi pale tangu sina ndevu. Nilitaka kupaangalia."

Mke wa Fundi aliinuka akaenda kuwasha jiko. Hapo ndipo kila mtu alipojua amemhukumu. Tangu siku hiyo shati la mume wake alilinusa kabla ya kulifua, kwenye kwapa, kwenye kola, akitafuta ule moshi. Hakuupata, akahesabu kuwa ni ujanja wa kubadilisha nguo. Alimkagua kucha. Alimfuata kwa macho akienda kucheza drafti. Na karanga akaziongeza. Konzi mbili asubuhi, konzi mbili jioni. Daktari alisema chache, lakini yeye alifikiri: kama huyu mtu anaingiza sumu kwa siri, basi mimi nitaingiza kinga hadharani, tuone nani atamshinda mwenzake. Ndivyo alivyowaza, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga kabati.

"Kula."

"Nimeshiba, mama watoto."

"Kula."

Akala. Fundi hakuwa mtu wa kubishana, na tangu ile kesi aliacha hata kujitetea. Chakula akitapika, anatapika kimya, anafuta mdomo, anarudi kukaa. Ladha ya msumari ikarudi kwa nguvu. Jioni ua ulikusanyika kama kawaida, lakini soga lilikuwa limepungua chumvi. Watu walikula huku wanamtazama pembeni mgonjwa anayewadanganya. Kinyozi alianza kulalamika tumbo, akasema ni maharage ya muuza chakula wa jirani. Kasuku naye akawa mzito. Anaambiwa njoo, anakaa. Anaulizwa, anatazama mdomo wa mwulizaji. Redio alitangaza kwamba mtoto anaota jino la nyuma.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, na Redio alikuwa ametoka. Mke wa Fundi alikuwa anakaanga. Mume wake alikuja taratibu, akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa jiko. Walikuwa hawajakaa karibu hivyo kwa muda mrefu.

"Nipe nichekeche," alisema. "Mkono wa kushoto bado mzima."

Akampa chekeche. Hakuwa na sababu ya kumnyima.

Mke akachota karanga na mchanga wake kwa upawa wa jikoni, akamimina. Fundi akatikisa. Mchanga ukashuka kama maji, laini, haukuacha hata kokoto. Akatikisa tena, polepole zaidi. Mkono wake ulikuwa unaujua mchanga ule kabla kichwa chake hakijaujua. Akaacha kutikisa.

Kati ya karanga kulikuwa na punje ndogo za kijivu, mbili, tatu, mviringo kama dawa ya kichwa iliyomegwa. Mke wake alizoea kuziokota na kuzitupa. Alidhani ni vijiwe. Fundi akaokota moja, ya moto, akaihamisha kidole hadi kidole mpaka ikapoa. Kisha akaikwaruza kwa ukucha.

Ikang'aa. Mstari mweupe, mbichi, kama jicho limefunguka.

Jiwe halikwaruzwi kwa ukucha. Hata mke wake aliyekuwa hajawahi kushika upawa wa risasi alilijua hilo.

"Mchanga huu mmeutoa wapi?" Fundi akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anauliza chumvi iko wapi.

"Kibandani."

"Ule wangu?"

"Ule wako."

Karai lilikuwa bado motoni, mchanga ukitoa vumbi jepesi juu ya jiko, lile vumbi ambalo mke wake alikuwa amelivuta kila jioni. Fundi akanyoosha mkono mzima, akayasukuma nje makaa moja moja kwa koleo mpaka moto ukalala.

"Nilikuwa namimina juu yake miaka yote," alisema. "Kila inapomwagika, inamwagikia humo. Nilikuwa nauchekecha kutoa vipande vikubwa. Vumbi halichekecheki." Kisha akauliza, "Wote wamekula?"

"Wote."

"Na mtoto?"

Mke wake akageuka. Kasuku alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mfuko wa gauni umejaa. Mama yake akaenda, akapiga magoti, akamtoa karanga mfukoni. Mtoto alimtazama tu. Mama akasema, makusudi, akasema polepole, "Mama anachukua karanga." Akangoja. Mtoto hakurudia.

Mke wa Fundi aliziweka zile karanga juu ya sakafu, mstari mmoja, akabaki anazitazama. Alifikiri kwamba hapa ndipo mtu anapopiga kelele. Alifikiri kwamba mwenzake amekaa pale nyuma, mtu ambaye amemnusa mashati, ambaye amemlisha kwa mkono wake mara mbili ya alivyokuwa akila ili kumkomoa. Yote aliyafikiri wazi kabisa. Hakuna hata moja lililofika kifuani.

Redio aliporudi alikuta ua umemwagiwa maji, ndoo za mchanga zimefungwa kwenye mifuko na kukazwa kamba, na mdogo wake anamwonyesha kipunje kwenye kiganja. Aliambiwa mara moja. Alifungua mdomo. Ukabaki wazi. Kinyozi, aliyekuwa mlangoni, baadaye alisema kwamba amepanga nyumba ile miaka mingi, lakini siku ile ndiyo aliyogundua kuwa redio ile ina kitufe.

Kesho yake walikwenda hospitali wote. Hebu piga picha: Fundi, mke wake, Redio na begi lake, Kinyozi aliyefunga duka, wapangaji wa vyumba vya nyuma na watoto wao, Kasuku mgongoni. Walijaza benchi, wakajaza ukuta. Watu ambao hata msibani huongea kama wako harusini, walikaa bila kunong'ona. Mteja mmoja wa Kinyozi naye alikuja. Bado alikuwa na karanga mfukoni, akazileta kama ushahidi.

Daktari alimsikiliza Fundi mpaka mwisho. Akakitazama kile kipunje kwenye karatasi.

"Kwa hiyo ulikuwa umeacha," alisema.

"Niliacha mimi. Kazi haikuniacha."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nilikuambia hujaacha. Nilikosea." Akatoka mlangoni akalitazama lile benchi. "Aliyekula hizo karanga anyooshe mkono."

Mikono ikanyooka, mikubwa na midogo. Redio alinyoosha wa kwake wa mwisho, akautazama akiwa kaunyoosha.

"Na wewe?" daktari akamwuliza mke wa Fundi.

"Mimi sikula. Nilikuwa nakaanga."

"Wewe ndiye wa kwanza. Kaa hapa."

Sindano ilipoingia aliitazama. Alikuwa na hamu ya kuisikia, angalau hiyo. Damu ikajaa kichupani, nyeusi kidogo, na muuguzi akasema, "Umevumilia vizuri, mama." Yeye akamwambia asante.

Majibu yalikuja kila mtu na yake. Kinyozi alipewa ushauri na kuonywa, akaambiwa maharage hayana kosa. Wapangaji wengi walikuwa na risasi kidogo. Mke wa Fundi alikuwa nayo zaidi yao. Kasuku alikuwa nayo ya kutosha kulazwa, akapewa dawa ya kuivuta risasi itoke kwenye mkojo, na mama yake alilala naye kitanda kimoja mpaka walipomruhusu. Mifuko ya mchanga ilichukuliwa na watu wa afya waliovaa glovu. Mmoja wao aliuliza kwa nini waliuhifadhi. Redio akajibu, "Ulikuwa mzuri," na hakuongeza neno.

Mashine haikuandikwa siku ile. Daktari alisema watasubiri, kwa kuwa sasa mlango wa risasi umefungwa kweli. Fundi akapewa dawa yake, akarudi kupimwa, akarudi tena. Risasi ilianza kushuka, kwa uvivu. Figo hazikurudi. Daktari alimwambia waziwazi kwamba zilizokufa zimekufa, kazi iliyobaki ni kulinda hizi nusu. "Lakini hazijashuka," alisema. "Mara hii hazijashuka." Ile mashine, akasema, aisahau kwa sasa, asiisahau moja kwa moja.

Jioni ya majibu hayo, waliporudi, mke wa Fundi alikaa kwenye ngazi ya uani badala ya kwenda jikoni. Mume wake akakaa ngazi ya chini yake.

"Kule kibandani," akasema mke wake, "ulikuwa unaangalia nini?"

"Hakuna kitu. Kufuli."

"Nilikunusa mashati."

"Najua. Ulikuwa unayarudisha yamegeuzwa ndani nje."

Mke wake akatikisa kichwa. Alitaka kusema neno linalofaa hapo, na neno lenyewe alilijua, fupi tu. Akamshika ule mkono unaoning'inia, akauweka juu ya goti lake, akaunyoosha vidole kimoja kimoja, kama muuguzi alivyomfundisha. Fundi akamwachia.

Redio alitokea na sufuria, kifuniko kikifuka mvuke. Tangu ile siku ya hospitali alikuwa anapita uani kama mpangaji mgeni, anaomba njia. Akaiweka katikati, akasimama mbali nayo.

"Nimechemsha karanga mpya," alisema. "Na maganda yake. Nimeziosha maji mengi mpaka wapangaji wakaniambia nawazuilia bomba. Daktari si kasema chache hazina neno?"

Hakuna aliyesogea. Kinyozi alikitazama kigoda chake kama kimemwita jina. Sufuria ikafuka mvuke wake peke yake.

Fundi ndiye aliyenyoosha mkono wa kushoto. Akachukua moja, akalipasua ganda kwa meno, akatoa punje mbili. Moja akala. Ya pili akampa mke wake.

Akaiweka mdomoni. Ilikuwa laini, ya moto. Akatafuna, akangoja, akameza.

"Vipi?" Redio akauliza. "Zimeiva?"

"Sijui, wifi. Sisikii ladha. Onja wewe."

Redio akaja, akachutama, akala moja, akakunja uso, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile sauti yake ikapanda ile ngazi yake ya zamani. "Aah! Hazina chumvi hata chembe! Kama natafuna pamba!"

Kutoka chini ya kamba ya nguo, mahali palipokuwa kimya kwa muda mrefu, kikatoka kisauti kikavu, kinachotafuta njia.

"Hazina chumvi."

Uani hakuna aliyecheka. Mke wa Fundi alikuwa bado kaushika mkono wa mume wake, na akagundua kuwa anaubana sana, na kwamba unamuuma, huo wa kwake mwenyewe, kuanzia kwenye vidole mpaka begani.

"Sema tena," alisema.